Mashine Tuliyoiita Mkwe

Kila asubuhi nabandika uji, namwamsha Tabita aende shule, kisha namfunga baba yake vifungo vya shati. Mume wangu Luka ana miaka arobaini na mbili.

"Taratibu, Mama Tabita, unaninyonga," husema.

Nakaza kwa sababu nina hasira. Si juu yake. Nina hasira juu ya mkanda.

Kampuni yetu inakoboa kahawa hapa Iyula. Mota inazungusha gurudumu, na mkanda mrefu unaivuta mashine. Mkanda huo ulikuwa wazi, usawa wa kiuno, kando ya njia ya kupitishia magunia. Luka alikuwa wa mashine, mimi kibarua wa kuchambua kahawa, na sote tuliuita Mkwe. Kwetu mtu hamkaribii mkwe wake ovyo. Unapita mbali, macho chini. Nasi tulipita hivyo hivyo, tumeshika khanga zetu zisipepee.

"Umemsalimia Mkwe leo?" tulitaniana, tukacheka.

Tulijua! Hilo ndilo linalonichoma. Tulijua miaka sita, tukacheka.

Mwezi wa sita pumba ziliziba chini ya gurudumu. Luka akainama kuzitoa huku mashine inazunguka, maana kuizima ni kuchelewesha kazi, na kuchelewesha kazi ni kugombezwa. Alikuwa amevaa glavu za kampuni. Mkanda ukainasa glavu, ukavuta na mkono. Mkono wa kulia ukabaki na kidole gumba na kidole cha mwisho.

Meneja wetu, Bwana Deus, alikuja nyumbani na sukari na sabuni.

"Poleni sana," alisema. "Ndiyo hivyo, ajali haina kinga. Lakini kampuni haitawatupa. Nafasi ya Luka tunakupa wewe mama, watoto wasilale njaa."

Nami, mjinga mimi, nikasema ahsante.

Alipoondoka, Luka alinitazama sana. "Unakwenda kusimama pale pale?"

"Tutakula nini?"

"Mama Tabita, nyumba hii imebaki na mikono mitatu."

Jumatatu nikaenda. Nikapewa glavu mpya, nikasimamishwa kwa Mkwe.

Wiki ile ile akaja dada mmoja anaitwa Gwantwa, mtu wa Ikinga, Ileje. Alikuwa afisa usalama mpya. Wanunuzi wa kahawa walikuwa wameitaka kampuni ianzishe mpango wa kutathmini vihatarishi. Meneja akatukusanya.

"Mwalimu, fanya haraka, huu ni msimu," alimwambia Gwantwa. "Wakumbushe kuvaa glavu, basi."

Gwantwa hakukumbusha glavu. Alituuliza, "Ni kitu gani hapa kinaweza kumuumiza mtu?"

Nani aseme, na meneja kasimama pale? Wengine wakatazama viatu vyao. Nikaona damu inanipanda kichwani.

"Si mumtaje Mkwe!" nikafoka. "Mnaogopa nini?"

Watu wakacheka. Gwantwa hakucheka. "Mkwe ni nani?"

Nikampeleka. Alipouona mkanda, aliweka mikono yake nyuma.

"Kumbe tathmini mlishaianza," alisema. "Kitu kinachoweza kuumiza huitwa kihatarishi. Hiki mmekiona, hata jina mmekipa. Lakini mliishia hapo. Kuna maswali yanafuata. Nani anapita hapa?"

"Sote."

"Mara ngapi?"

"Kila gunia. Siku nzima."

"Na mtu akinaswa, ataumia kiasi gani?"

Nikavua glavu. Nikakunja vidole vitatu, nikamwonyesha mkono. "Kiasi hiki. Mume wangu."

Meneja akakohoa. "Mama Tabita, hayo yamepita. Luka alizembea. Na glavu nilileta."

"Glavu yako ndiyo iliyonaswa! Mzembe nani, meneja? Luka, au aliyeacha mkanda wazi miaka sita? Hebu sema!"

"Punguza sauti, mama."

"Sipunguzi!"

Gwantwa akaingia katikati, lakini hakuninyamazisha. "Mama anasema kweli. Karibu na kitu kinachozunguka, glavu huvutwa pamoja na mkono ulio ndani yake. Kwanza tunajiuliza, tunaweza kukiondoa kihatarishi chenyewe? Mkanda hatuwezi, mashine haitafanya kazi. Basi tunauziba, na njia ya magunia tunaihamishia upande ule. Halafu hakuna kusafisha mpaka mashine izimwe. Swichi kuu ifungwe kwa kufuli, na ufunguo awe nao anayesafisha, mfukoni mwake. Vifaa vya kuvaa vinakuja mwisho. Haviwezi kuwa badala ya hayo yote."

"Sawa, tutafanya msimu ukiisha," meneja akasema.

Nikaweka glavu juu ya gunia, nikaketi juu yake. "Basi nami nitashika kazi msimu ukiisha. Nyumbani kwangu kuna mikono mitatu. Sikupi mwingine."

Nilijua naweza kufukuzwa. Lakini Restuta, jirani yangu wa kuchambua kahawa, akaketi pembeni yangu. Kisha mwingine. Kisha wote. Gwantwa akaandika kwenye daftari, akasoma kwa sauti: "Mkanda wazi. Hatari kubwa. Kazi isimame mpaka uzibwe." Akampa meneja kalamu. Meneja alitutazama, akatazama mashine, akatia sahihi.

Kesho yake fundi wa kuchomelea akaja saa mbili asubuhi na bati, wavu wa chuma na boliti sita. Saa tano alikuwa amemaliza. Ajali haina kinga, eti! Kinga ile pale, inang'aa.

Siku hizi kila Jumatatu tunazunguka kiwanda kabla ya kuanza kazi. Majina yote ya utani yametajwa. Rundo la magunia lililoinama tuliliita Mlevi. Sasa linapangwa chini, haliegemei. Shimo la pumba tuliliita Kaburi, lina mfuniko. Kila kitu kinaandikwa, pamoja na jina la wa kukirekebisha na siku. Msimu umekwisha, hakuna aliyeumia.

Na daftari anabeba Luka. Gwantwa ndiye aliyedai arudishwe kazini, awapitishe wageni wote kiwandani kabla hawajagusa kitu.

Siku yake ya kwanza nilimfunga vifungo, tukaenda pamoja. Alisimama mbele ya mkanda uliozibwa. Akaligonga bati kwa vidole vyake viwili.

"Ilichukua muda gani?"

Sikutaka kumwambia. "Saa tatu."

"Saa tatu tu, Mama Tabita?"

"Saa tatu tu."

Macho yalikuwa yamemwiva. Kisha akanipa daftari, maana kuandika bado hajaweza.

"Andika na hilo la saa tatu," akasema.