Shimo la Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kokuberwa alishuka ziwani na dumu lililokatwa shingo, akachota maji yaliyovujia kwenye boti ya baba yake. Ilikuwa boti ndefu ya mbao, yenye injini ndogo ya kuning'inia nyuma. Kazi yake ilikuwa kuvusha mikungu ya ndizi, magunia ya maharage na watu kutoka upande wa Kyerwa. Kuchota maji hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni jina.

"Konokono, umeamkaje?" aliitwa kutoka boti ya pili.

Huyo alikuwa Najat, binti wa Mzee Gharib mwenye duka. Walisoma wote darasa la sita. Kokuberwa aliinamia dumu lake. Alichota maji kwa nguvu zaidi, kana kwamba anamchota Najat mwenyewe na kumwaga.

Jina hilo lilizaliwa mwaka uliopita. Pale kijijini kuna desturi kwamba bibi harusi anayetoka ng'ambo huvushwa na boti iliyoshinda mbio za Jumamosi, siku moja kabla ya harusi. Mwaka ule boti ya Edgar, baba yake Kokuberwa, ilifika wakati boti ya Gharib imeshafungwa na wenyewe wameanza kula pilau. Najat akapanda juu ya gunia na kutangaza, "Konokono wanaingia, wapisheni." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na kijiji kile kikicheka jambo, hakiliachi. Siku moja hata mwalimu aliteleza ulimi akaliita jina hilo kwenye mahudhurio.

Sasa Benitha, mwalimu wa chekechea kule ng'ambo, alikuwa anaolewa pale kijijini. Kokuberwa alihesabu siku. Hakutaka kushinda tu. Alitaka Najat alie mbele za watu, tena alie kamasi zimtoke.

Akampigia simu shangazi yake, Laurensia, fundi wa pikipiki na mashine za kusaga kule Nyaishozi. Shangazi alifika na sanduku lake la vifaa, akaizunguka boti mara mbili.

"Kaka, injini yako haiumwi," alimwambia Edgar. "Boti ndiyo chafu. Na injini umeizamisha mno."

"Si ndiyo ivute vizuri?"

"Ivute nini? Unaburuza chuma majini, kama mtu anayekimbia na ndoo mguuni."

Wakaipindua boti ufukweni. Tumbo lote lilikuwa limeota utelezi wa kijani. Kokuberwa aliukwangua siku tatu mfululizo, na kila alipovuta kikwangulio alisema kimoyomoyo: Najat. Najat. Shangazi alinyoosha pangaboi lililogongwa na mawe, akalipiga tupa kingo zake. Kisha akaweka kipande cha ubao na kuipandisha injini, mpaka lile bapa la chuma lililo juu ya pangaboi likawa sawa na tumbo la boti.

Mwisho alimwonyesha Kokuberwa mabano yanayoshika injini. Yalikuwa na mashimo matano, na pini moja ya chuma.

"Hii pini ndiyo inayoamua injini iiname vipi. Ukiitia shimo la kwanza, karibu na boti, pua inazama na kulima maji. Ukiitia la tano, pua inapaa, boti inarukaruka kama chura. Shimo lenu tutalijua kwa kujaribu."

Walijaribu jioni tatu. Edgar, aliyekuwa mzito, alikaa nyuma kwenye usukani, na Kokuberwa mbele kidogo ya katikati ili boti isiegemee nyuma. Kwenye shimo la tatu sauti ya injini ikawa nyembamba, yenye raha, na boti ikateleza juu ya maji bila kurusha hata tone.

"Haya mashimo hapa kijijini tunayajua wangapi?" Kokuberwa aliuliza.

"Mimi na wewe," Shangazi alisema, akicheka. "Gharib hajawahi kuigusa pini yake tangu anunue injini."

Neno hilo halikutoka kichwani mwa Kokuberwa. Jumamosi asubuhi, watu walipokwenda kunywa chai, boti zilibaki zenyewe. Alikwenda kwenye boti ya Gharib, akainua injini, akaihamisha pini kutoka shimo la tatu hadi la kwanza. Haikuchukua dakika mbili. Kisha akaondoka.

Saa nne ufuko ulijaa. Gharib alitoa boti kuipasha moto, Najat akiwa amekaa mbele. Alipoongeza mafuta tu, pua ilizama ikaanza kulima maji. Wimbi lilimfunika Najat, ushungi ukamganda usoni.

"Gharib, unavua au unashindana?" mtu alipiga kelele.

Kokuberwa alicheka kuliko wote. Mwaka mzima alikuwa ameisubiri sauti ile ya watu. Gharib akaongeza mwendo, akakata kona. Boti ikayumba, maji yakaingia kwa kishindo, na Najat akakumbatia ubao kwa mikono yote miwili. Hakujua kuogelea. Uso wake haukuwa wa mtu anayechekwa. Ulikuwa wa mtu anayemwita mama yake. Gharib akairudisha boti karibu na ufuko, kungoja mbio zianze.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma. Akauliza taratibu, kama anayeuliza saa, "Pini ya Gharib iko shimo la ngapi?"

"La kwanza," Kokuberwa alijibu.

Kisha akasikia alichosema.

Shangazi hakumkaripia. Alikunja tu kitambaa chake cha kufutia mikono. "Mimi simwambii mtu," alisema. "Lakini boti ile inarudi majini sasa hivi na mtoto yumo ndani."

Kokuberwa alitazama kundi la watu wote wale waliomwita konokono. Akashuka majini mpaka kiunoni, akaishika boti ya Gharib.

"Shikamoo, Mzee Gharib. Usiondoke. Pini nimeihamisha mimi."

Watu wakasogea karibu. Mbele ya macho ya wote akairudisha pini shimo la tatu.

"Ungemzamisha mwanangu kwa sababu ya kucheka?" Gharib aliuliza.

"Naomba unisamehe, mzee. Na wewe Najat, nisamehe."

"Utachota maji ya boti yangu mwezi mzima," alisema Gharib.

Edgar alikuwa amesikia yote. "Usikanyage boti yangu leo," alimwambia binti yake. Akapakia gunia la maharage pale Kokuberwa alipokuwa akikaa.

Kwa hiyo Kokuberwa aliyatazama mashindano akiwa ufukweni, sketi ikimchuruzika maji. Boti mbili zilizunguka dumu la manjano lililotiwa nanga katikati ya ziwa, zikarudi ubavu kwa ubavu. Karibu kabisa na ufuko boti ya Edgar ikachomoza, ikashinda kwa urefu wa mkono. Watu wakapiga vigelegele: "Gunia limeshinda!" Jumapili Benitha alivushwa na boti ile, na Kokuberwa alikuwa jikoni anamenya ndizi.

Shangazi akaja kukaa naye, akachukua kisu.

"Umeona? Boti yenu ilikuwa na mwendo wa kutosha," alisema. "Kisasi chako ulikimaliza siku zile ulipokwangua tumbo la boti mpaka kucha zikavunjika. Ujuzi niliokupa ni wa kuifanya boti yako ikimbie. Ukiutumia kuharibu cha mwenzio, unahatarisha maisha ya watu, na ushindi wenyewe unapewa gunia la maharage."

Kokuberwa alicheka huku machozi yakimtoka.

Jumatatu alikuwa na boti mbili za kuchota. Najat alikuja, akasimama kando ya boti.

"Kokuberwa," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza mwaka mzima. "Nionyeshe hayo mashimo. Mwakani nataka kukushinda wewe, si gunia."

Kokuberwa akampa dumu. "Chota kwanza," alisema. "Boti yenye maji haikimbii."