Usiifikiche Nukta

Katika duka la kompyuta zilizotumika, skrini zote ziliwatazama wateja isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa kwenye rafu ya chini, pana kuliko wenzake, imegeuziwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Na ile je?" aliuliza Injinia.

Injinia alikuwa msichana wa chuo kikuu aliyesomea usanifu wa majengo, si uinjinia, lakini jina alipewa na dada yake aliyemlea, na dada akishaamua ameamua. Laptopu yake ilikuwa na kioo kidogo ambacho hata ramani ya choo haikuenea. Sasa darasani walikuwa wamepewa kazi ya kupima nyumba wanamoishi na kuichora yote, ukuta kwa ukuta, na macho yalikuwa yamemchoka kwa kukodoa.

Dada mtu, fundi cherehani, alisimama nyuma yake amekumbatia mkoba. Humo mlikuwa na jasho la msimu mzima wa kushona sare za shule.

"Chukua hii ndogo," alisema. "Nzima, haina kasoro."

Muuzaji akaigeuza ile pana, shingo upande. Ilikuwa nzuri, jamani! Inchi ishirini na saba, kioo king'aavu, stendi ya kupandisha na kushusha, na bei yake sawasawa na ile ndogo. Alipoiwasha ikajaa weusi mtupu, na katikati ya weusi ikaonekana nukta moja nyekundu, ndogo kama tundu la sindano.

"Kasoro ndiyo hiyo, nukta iliyokwama kwenye rangi moja," alisema muuzaji, akitazama viatu vyake. "Ikikuudhi, bandika kijikaratasi juu yake. Ila usiifikiche. Ninyi wanafunzi mna mtindo wa kukanda nukta kwa kidole eti iamke. Hii iache. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe."

"Huyu anauza au anahubiri?" dada alinong'ona. "Mdogo wangu, rahisi ni ghali. Tubebe ndogo twende zetu."

Injinia akabeba kubwa. Tusimlaumu sana. Nani amewahi kuwa mwanafunzi akakataa inchi za bure?

Aliiweka sebuleni, akavuta mapazia kwa sababu kioo kile kiliakisi dirisha lote juu ya mchoro wake. Akachora mlango wa mbele, sebule, meza yake mwenyewe, korido, chumba cha kulala, na mwisho wa korido chumba cha cherehani ambako dada alikuwa akishona mchana huo. Kazi ilimnogea. Lakini nukta ilikaa katikati ya kila kitu, na kila alipoitazama alihisi kama inamtazama pia.

Mwishowe uvumilivu ukamwisha. Alichukua kipande laini cha kitambaa cha dada, akakizungushia dole gumba, akaikanda nukta polepole kwa duara kama wanafunzi wenzake walivyomfundisha. Kioo kikapata joto. Kisha, kutoka upande wa pili wa kioo, kitu laini chenye ukubwa wa dole gumba kikamkanda na yeye.

Alirusha mkono nyuma. Nukta ilikuwa imetoweka.

"Imetoka!" akasema, akacheka kwa nafuu. Hapo ndipo aliposikia harufu ya nywele zilizoungua. "Dada, umeunguza kitu?"

"Nashona mimi, nitaunguza nini?" dada alijibu kutoka chumbani, cherehani ikiendelea kukereza.

Alipogeuka tena, nukta ilikuwa imerudi, lakini si katikati. Ilikuwa nje ya mchoro, mbele ya mlango wa nyumba aliyoichora. Ikatulia. Kisha ikaingia.

Nyuma yake, komeo la mlango wa kweli likaanguka lenyewe.

Injinia hakugeuka. Alitazama nukta ikitambaa ndani ya sebule ya mchoro mpaka ikasimama nyuma ya meza aliyoichora, na pumzi ya moto ikampiga kisogoni, nzito, inayonuka. Akakojoa pale pale kwenye kiti. Nukta ikaondoka, ikashika korido, na katika korido ya kweli nyayo zikaburutwa, picha za ukutani zikaanguka moja baada ya nyingine, vioo vikapasuka, na cherehani ilikuwa bado inakereza kwa sababu dada hakusikia lolote.

"Dada, toka!" alitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ya panya.

Akakamata kipanya cha kompyuta na kuchora mstari kuziba mlango wa chumba cha cherehani. Alichelewa kidogo tu. Nukta ilikuwa imeshaingia, na mstari ukajifunga nyuma yake.

Cherehani ikanyamaza.

Injinia alikimbia koridoni akajibamiza kwenye ukuta mtupu. Pale palipokuwa na mlango hapakuwa na mlango, wala fremu, wala bawaba.

"Mdogo wangu!" dada alilia kwa ndani. "Mlango hauko! Kuna mtu humu, ni jini, anani..." Kikafuata kishindo kilichotikisa vumbi la dari, na kingine, na sauti ya mfupa ukivunjika kama kuni kavu, na dada akipiga yowe ambalo Injinia hakuwahi kulisikia kwa kiumbe chochote, huku sauti nyingine, nzito na tulivu, ikisema ukutani, "Kanda tena, binti, mbona ulikuwa unanikanda vizuri," na yeye akikimbia kurudi sebuleni, akiteleza juu ya vioo, akiacha damu ya nyayo zake kila alipokanyaga, akitafuta ule mstari kwa kipanya wakati nukta nyekundu ikirushwa toka pembe hadi pembe ya kile chumba kidogo, na kila ilipogonga mstari nyumba ya kweli ilijibu kwa kishindo.

Akaufuta mstari.

Mlango ukafunguka. Dada alitoka akitambaa, mkono wa kushoto umegeukia nyuma, nywele zimeng'olewa upande mmoja, sindano ya cherehani imepenya kiganjani ikatokea upande wa pili. Nyuma yake giza la chumba lilikuwa linainuka. Injinia akanyakua pasi nzito ya dada iliyokuwa pale sebuleni, akaishusha juu ya skrini mara moja, mara ya pili, mara nyingi, kioo kikimkata uso na mikono, mpaka yowe la makoo mengi likatoka ndani ya plastiki na kukatika. Nyumba ikawa kimya. Akamkumbatia dada sakafuni, wakalia wote wawili.

Daktari aliuunga mkono wa dada uliovunjika, akaufunga plasta, akasema fundi atashona tena akijaliwa. Injinia alizitupa takataka za skrini mbali, akaapa kuchora kwenye karatasi maisha yake yote. Ikafika asubuhi ambayo dada aliketi dirishani, akaweza hata kutania.

"Ungechukua ile ndogo," alisema.

"Nisamehe, dada."

"Yamepita. Niletee chai." Injinia alirudi na kikombe, akamkuta amefumba jicho moja, akilikanda kwa dole gumba la mkono mzima, polepole, kwa duara. "Kuna kitaka kiliniingia jichoni siku ile. Chekundu. Hata nikifumba macho nakiona."

Kikombe kikaanguka. "Dada, usifikiche! Toa mkono! Dada!"

Dada akatoa mkono, akapepesa jicho, likiwa safi kabisa.

"Kelele za nini? Kimetoka," akasema, akacheka kwa nafuu. Kisha akanusa hewa, akakunja uso. "Mdogo wangu, umeunguza kitu?"