Tonge la Mwenzio

Fundi saa hakuwahi kukomba sahani maishani mwake. Bibi yake aliyemlea ndiye aliyemzoesha: "Bakisha tonge moja, mjukuu wangu. Hilo la mwenzio." Mwenzio huyo ni nani, mtoto hakuuliza, na alipokuwa mtu mzima akasahau kuuliza. Kila mchana alikula katika chumba cha nyuma ya duka lake, akaacha tonge pembeni mwa sahani, akafunga mlango na kurudi kwenye saa za watu. Jioni alikuta sahani nyeupe. Alisema ni panya, na kwa kuwa aliishi peke yake, hakuwa na wa kumbishia.

Dada yake ndiye aliyegundua. Alikuwa amefiwa na mumewe, akaja na begi lake aishi na kaka, na fundi alifurahi hadi akanunua kikombe cha pili. Siku ya tatu dada alifungua kile chumba kwa ufunguo, akainua sahani.

"Kaka, hebu gusa hapa."

Ilikuwa imelowa mate, nayo mate yalikuwa bado ya moto.

Kesho yake alimkuta dada anafunga begi. "Kuna kitu kinanikalia kifuani," alinong'ona, macho kwenye ule mlango. "Kinanuka jivu lililomwagiwa maji. Nimekwenda kwa mganga sikukuambia. Anasema bibi alikuwa anafuga jini, akakurithisha wewe. Na kinacholishwa na mtu mmoja hakitaki wa pili ndani. Babu si alihama nyumba? Na wachumba wako wawili je?"

Miaka yote fundi aliamini kwamba ni uso wake tu haupendeki, na sasa kujua sababu kulimuuma zaidi.

"Nifanyeje, dada?"

"Komba sahani siku saba. Kikilia usikijibu. Siku ya nane mchana nitarudi, na nikirudi siondoki tena."

Mazoea yana taabu. Siku ya kwanza mkono wake wenyewe ulilisogeza tonge pembeni, akalirudisha na kulimeza kwa shida. Siku ya pili, akiwa dukani na mteja, kijiko kilianza kukwaruza sahani kule nyuma.

"Kumbe una mgeni," alisema mteja.

"Panya."

"Mh! Panya wako wamestaarabika, wanatumia kijiko!"

Mteja alicheka, fundi hakucheka. Siku ya tano harufu ya jivu bichi ilipita chini ya mlango, ikapanda mezani, ikamkaa kooni, na saa zote za ukutani zikasimama kwa pamoja, kukawa kimya kiasi kwamba alisikia pumzi isiyo yake ikivutwa taratibu upande wa pili wa mlango, kisha sauti ya bibi yake, bibi aliyemzika kwa mikono yake, ikasema, "Mjukuu wangu, nina njaa." Alijiziba masikio. Siku ya saba ilikuwa kilio tu, chembamba, kikififia, hadi kikakatika.

Siku ya nane alifagia, akapika chakula cha watu wawili. Saa saba ikapita. Saa nane, saa tisa. Dada hakutokea. Ameogopa, fundi aliwaza, na nani atamlaumu?

Alikula peke yake. Upweke aliuzoea, lakini huu haukuwa ule. Hakuna kilichopumua wala kujikuna ukutani, na ndipo alipoelewa kwamba maisha yake yote hakuwahi kula peke yake hata siku moja. Machozi yakamtoka. Akasogeza tonge pembeni.

"La mwenzangu," alisema kwa aibu, akatoka na kufunga mlango.

Punde kijiko kikagonga sahani. Fundi, Mungu amsamehe, alitabasamu.

Hapohapo mlango wa mbele ukabishwa. "Hodi, kaka! Gari limetuharibikia njiani, nimetembea na begi kichwani tangu saa sita. Nifungulie, miguu imekwisha!"

Aliruka, akashika komeo. Harufu ya jivu ikamfunika kwa nyuma, na juu ya mkono wake ukatua mkono mwingine, wa moto, umelowa, ukaubana pale pale.

"Mwambie tumeshakula," ilisema sauti ya bibi, kwa nguvu ya aliyeshiba.

Nje begi likaanguka chini.

"Kaka," dada aliuliza polepole, "uko na nani humo?"