Injinia wa Upepo na Mbuzi wa Al Wakrah

"Mpenzi, baridi ya huku itaniua! Unasikia upepo? Niko juu kabisa ya mnara!"

Huyo ni Eugene, mkwe wangu mtarajiwa, injinia wa umeme wa upepo. Yuko Ujerumani...

Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hapa Al Wakrah, karibu na Doha!

Joto la kukaanga yai juu ya kofia, yeye kavaa koti zito. Kasimama mbele ya mashine za eisii za kupoza hewa ya jengo letu zinazonguruma, kidevu kinachuruzika mafuta ya mbuzi WANGU.



Tulieni niwaeleze.

Mimi ni dereva wa lori mstaafu. Nilikuja Doha kumtembelea binti yangu Milcah, nesi. Shiru, rafiki yake wa kanisani, naye nesi, ndiye aliyemuunganisha na Eugene kwa simu. Mapenzi yakashika moto, na Jumapili Milcah alikuwa aache kazi amfuate Ulaya.

Kazi aliyoitafuta kwa machozi!

Wakipigiana video, kijana wangu Kiprop, anayeendesha basi la wafanyakazi wa gesi hapa Doha, humchokoza Eugene.

"Upepo ukilala, si mnakuja kutubembeleza gesi? Na bili za stima mnalia kila siku!"

"Bro, upepo hauna mtu wa kukufungia bomba. Minara na nyaya ndizo ghali. Ukishajenga, ni kuvuna tu."

Kusema ukweli, hoja ilinipendeza. Nikamuuliza, "Kesho unapanda mnara gani, mwanangu?"

"Kesho ni Ijumaa, Mzee. Wikendi. Hatupandi."

Wote wakatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Hapa Doha Ijumaa ndiyo mapumziko, ndiyo siku yetu ya ibada kwenye makanisa ya kule Mesaimeer. Wamezoea hadi hawasikii.

Mimi mgeni nikashtuka. Ijumaa wikendi... Ujerumani? Wazungu si hupumzika Jumamosi na Jumapili?

Simu ilipokatwa nikasema, "Milcah, huyu mtu yuko hapa hapa!"

"Baba, si wewe uliyeshindana mbio na duma ukiwa na lori la viazi?"

"Na nilimshinda!"

Wakacheka hadi wakashika mbavu. Nani anamwamini mzee wa duma?

Basi nikatega mtego. Jumamosi nikamwandikia Eugene: "Mwanangu, nimechoma mbuzi. Kama una rafiki Doha, aje akuchukulie fungu lako kwa mlinzi hapa chini."

Rafiki gani! Alikuja mwenyewe, mbio. Akajibanza nyuma ya jengo, akaanza kuirarua nyama kama fisi aliyefunguliwa.

Simu yake ikalia. Milcah! Akachomoa koti kwenye begi, akajifuta midomo kwa mkono wa koti. Akapokea, akaanza ule uongo wa mnara.

Ndipo nikaingiza kichwa changu kwenye video.

"Hujambo, Milcah!"

"BABA?! Umefikaje Ujerumani?"

"Kwa lifti, mama."

Milcah alishuka mbio, ndala mguu mmoja.

"Eugene... nilikukosea nini?"

Kabla hajajibu, simu ikalia tena mkononi mwake. Kwa kiwewe, kidole chenye mafuta kikabonyeza spika.

"Baba Jayden! Amekubali kuacha kazi kesho? Incharge, mkuu wa wodi yao, ameniambia nafasi yake ikibaki wazi tu, ni yangu!"

Sauti ya Shiru!!

Baba Jayden... Kumbe Eugene ndiye mume wake, yule asiyewahi kumleta kanisani!

Jamani. Niliwahi kubeba samaki waliooza kutoka Turkana, nzi wakawa wengi hadi wakanisaidia kusukuma lori mlimani. Lakini uvundo wa siku ile sijawahi kuunusa. Mtu na mkewe wanakula njama, mume anamwita mwanangu mpenzi, mke yuko pembeni anaombea kiti chake! Na Ijumaa mke huyo atainua mikono kanisani!

Milcah hakulia. Alimpokonya lile fungu la mbuzi.

"Wewe si unaishi kwa upepo? Kaule."

Jumapili asubuhi akavaa yunifomu yake, akaenda kazini. Kiprop alimpeleka hadi mlangoni kwa basi lake.

Wazungu waendelee kubishana kama upepo ni ghali au ni nafuu. Upepo wenyewe sina ugomvi nao, hoja nzuri haina kosa ikikaa kwenye mdomo mchafu.

Ila wewe mwenye mchumba wa kwenye simu, usimuulize anaishi wapi. Atakudanganya.

Muulize wikendi yake ni lini.