Theodora Hakurudi Upesi

Theodora na mumewe Alute waliishi Issuna, katika kijiji cha ujamaa. Asubuhi walipalilia uwele pamoja na wenzao. Alute alikuwa mcheshi, watu walipenda kulima karibu naye. Lakini nyumbani alimpiga mkewe.

Jioni moja Theodora alichelewa kisimani. Alute alirudi amelewa, akakuta chakula hakijaiva. Akachukua ukuni, akampiga mkewe na kumvunja mkono.

Theodora aliwachukua watoto, akaenda kwa jirani yake Magdalena, bibi maendeleo wa kijiji, aliyekuwa akishauri familia.

"Nilichelewa kupika," alisema akilia.

"Hata kama ulichelewa, hakuwa na haki ya kukupiga," Magdalena alijibu. "Twende zahanati. Halafu utakaa kwangu na watoto. Siku ya kurudi utaamua wewe, mdogo wangu."

Kesho yake Alute alikuja kumchukua mkewe. Alimkuta Filipo, balozi wa nyumba kumi, aliyeitwa na Magdalena, amekaa mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Nimemfuata mke wangu. Jana ilikuwa pombe."

"Marahaba. Wengi hulewa na hawapigi wake zao. Umempiga wewe."

Alute akainama. "Baba alimpiga mama. Nilidhani ndoa ndivyo ilivyo."

"Sheria ya ndoa imekataza. Theodora akitaka kwenda polisi, nitampeleka mimi. Wewe usije hapa mpaka akuite. Kila Jumapili njoo kwangu tuzungumze. Kukasirika si kosa, kupiga ndilo kosa. Hasira ikipanda, toka nje, utembee mpaka itulie."

Alute aliacha pombe. Alilima sehemu ya Theodora shambani. Alijipikia ugali wenye madonge, akaula peke yake. Kwa Filipo alijifunza kusema, "Nilimpiga," bila kutafuta sababu.

Theodora hakurudi upesi. Aliungoja mkono upone. Baada ya mavuno alimwita Alute mbele ya Magdalena.

"Nitarudi," alisema. "Ukinipiga tena, naondoka na watoto, na nitakwenda polisi."

"Nimekubali," Alute alijibu.

Magdalena aliendelea kuwatembelea. Siku moja Theodora alisahau kufunga mbuzi, wakala mbegu. Sauti ya Alute ikapanda. Watoto wakamkimbilia mama yao. Alute akatoka, akazunguka zizi, akarudi ametulia.

"Mbegu zile zimeniuma sana, mama watoto," alisema.

"Hata mimi. Kaa tule, kisha tuone tutapata wapi nyingine."

Alute akakaa. Mtoto wao mdogo akasogea, akapanda mapajani mwa baba yake. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo.