Dakika Ishirini za Mama Pasi

Saa kumi na mbili asubuhi Mama Pasi alifunga mlango wa chumba, akalala chali, akafunika macho kwa viganja vyake. Baada ya muda akavihamishia kifuani. Kisha tumboni. Yeye alikuwa kimya. Wifi yake, nje ya mlango, hakuwa kimya.

"Wifi! Friji imegoma. Njoo uiwekee mkono!"

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alicheka hadi chai ikampalia.

"Mimi nikigusa chuma kinawaka," alisema, "na bado sijajiita mganga."

Mlango haukufunguka hadi dakika ishirini zilipotimia.

Jina la Mama Pasi lilitokana na kazi. Kwa miaka tisa alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli katika nyumba ya dobi. Hilo zoezi la asubuhi linaitwa Reiki, na asili yake ni Japani. Mtu huweka mikono juu ya mwili, au karibu nao, akatulia. Wanaolifuata husema kuna nguvu ya uhai inayopita mikononi. Mama Pasi alijifunza kwa mwalimu mmoja mwenye darasa la Jumamosi. Hakujua kama nguvu hiyo ipo. Alijua tu kwamba tangu aanze, hawafokei watoto asubuhi.

Angeishia hapo, pasingekuwa na tatizo. Lakini Mama Pasi alikuwa na ugonjwa wa presha, na kwa miaka mitatu alikuwa akimeza kidonge kila siku. Mwalimu alimwambia kuwa dawa huziba njia ya nguvu. Nyumbani nako kejeli zilimchoma.

"Kama mikono yako inatibu, vidonge vya nini?" wifi alimuuliza siku moja, mbele ya wote.

Mama Pasi alichukua vidonge, akavitupia juu ya kabati.

"Vya nini kweli? Nitawaonyesha."

Tangu siku hiyo, kila alipomaliza Reiki alijipima kwa mashine ya presha aliyoazima kwa mama mkwe wake. Namba aliziandika kwenye daftari. Zilikuwa nzuri. Alipita nalo mezani kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Someni wenyewe," alisema. Mumewe alisoma, akamrudishia.

Wiki ya tano, akiwa kazini, kichwa kilianza kumgonga. Pindo la shuka aliliona mara mbili. Pasi ilibaki palepale hadi kitambaa kikatoa moshi. Msimamizi alizima swichi, akamtazama usoni, akamwamuru aende nyumbani.

Hakwenda nyumbani. Alibisha hodi kwa jirani yake, nesi wa zahanati ya mtaa, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo. Alikwenda na daftari lake mkononi.

"Dada nesi, nina malaria au nini? Presha haiwezi kuwa. Tazama."

Nesi alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Hakucheka.

"Hizi ulipima ukiwa umekaa?"

"Nimelala. Nikishamaliza Reiki."

"Na ikitoka namba kubwa?"

Mama Pasi alitazama pembeni. "Ikitoka kubwa, nasema mashine imekosea. Narudia. Mara tatu, mara nne, hadi itulie."

"Unaandika ipi?"

"Iliyotulia."

Nesi aliweka daftari chini. "Mume wako aliniambia kwamba kule kazini wewe ndiye unayekagua mashuka ya wenzako. Unakagua wapi?"

"Ndani, kwenye kunjo la katikati. Juu hata mvivu ananyoosha."

"Basi presha yako umeikagua juu tu."

Maneno hayo yalimwingia Mama Pasi, kwa sababu yalikuwa yake mwenyewe. Ni yeye aliyezoea kuwaambia wafanyakazi wapya hivyo.

Nesi alimketisha kwenye kiti chenye mgongo. Miguu sakafuni, mkono juu ya meza, bila kuzungumza, dakika tano. Ndipo akapima. Mashine ilionyesha 178 kwa 110.

"Rudia," alisema Mama Pasi.

"Narudia baada ya dakika moja. Na zote mbili naziandika."

Ya pili ilikuwa 176 kwa 108.

"Presha haina haja ya kukuuma ndipo ikudhuru," alisema nesi. "Inaweza kupasua mshipa kichwani huku unapiga pasi. Inuka, tunakwenda zahanati sasa hivi. Na usimeze kidonge kwa kukisia. Daktari atakwambia cha kufanya."

Daktari alimpima upya, akamrudisha kwenye dawa, akampa tarehe ya kurudi.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Si tulisema! Hayo madude yako yaishe leo."

"Uliyeniuliza vidonge vya nini ni wewe, wifi," Mama Pasi alijibu. "Na mjinga aliyekusikiliza ni mimi. Vidonge nitameza. Mlango nitafunga vilevile."

"Mke wangu," alisema mumewe taratibu, "hayo mambo yana faida gani?"

"Sijui. Nitapima. Safari hii nitapima sawasawa."

Nesi alimweleza ukweli wote. Wataalamu hawajaweza kuipima nguvu inayosemwa. Hakuna ushahidi kwamba Reiki inaponya presha. Lakini wapo watu wanaosema huwatuliza, na kutulia kila siku hakumdhuru mtu, mradi asiache matibabu.

Basi Mama Pasi alimeza dawa mwezi mzima hadi presha ikatengemaa. Kisha akafanya wiki moja na Reiki, wiki moja bila Reiki, halafu akarudia. Alipima asubuhi na jioni, ameketi, mara mbili. Hakuruka namba hata moja. Mwishoni alimpelekea nesi daftari.

Wiki za Reiki zilikaribia 128 kwa 82. Wiki bila Reiki zilikaribia 129 kwa 82.

"Hakuna tofauti," alisema nesi. "Kinachoishusha ni dawa. Utaacha Reiki?"

"Kwa nini niache? Nina watoto wanne, mume na wifi. Dakika ishirini kwa siku hakuna anayeniuliza soksi ziko wapi. Si dawa, na haina haja ya kuwa dawa."

Jumamosi iliyofuata alikwenda darasani. Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja kwenye mkeka. Mwalimu alianza kama kawaida.

"Dawa za dukani huziba njia ya..."

"Si kweli, mwalimu." Mama Pasi alisimama. "Niliacha dawa wiki tano, nikafika 178. Nimerudi kwenye dawa, niko 128. Namba zote zimo humu, nzuri na mbaya."

"Huenda imani yako ni ndogo, mama."

"Mashine haikuniuliza imani."

Mtu mmoja alicheka. Mwalimu alikunja uso.

"Basi chagua. Vidonge au Reiki."

"Nichague nini? Nina kinywa cha kumezea na mikono ya kujiwekea. Wewe nifundishe kutulia, hilo unalijua vizuri. La dawa mwachie daktari."

Alikaa palepale kwenye mkeka wake. Mwalimu alimsubiri atoke. Hakutoka. Mwishowe mwalimu alikohoa, akasema wafumbe macho. Siku hiyo hakutaja dawa tena.

Darasa lilipoisha, mwanamke mmoja, mshona mapazia, alimvuta Mama Pasi kando. Midomo yake ilikuwa mikavu, na chupa yake ya maji ilikuwa tupu.

"Dada, na mimi niliacha. Vidonge vya kisukari. Sasa wiki ya tatu." Sauti yake ilishuka. "Utaniona mjinga."

"Mimi nilikuwa mjinga wiki tano," alisema Mama Pasi. Alikwishautundika mkoba wa mwenzake begani kwake. "Twende. Zahanati iko wazi hadi saa nane."