Moyo Uliofutwa Kinyamaseke

Siku ya soko Bwera, mpakani, bodaboda huwa nyingi hata kivuli chako kinaomba njia. Nimeona mimi mwenyewe mbuzi akikata tamaa ya kuvuka barabara, akarudi kwao Kyarumba kulima kahawa. Katikati ya fujo hiyo, mbele ya wabadili fedha, alisimama Kambale, fundi wa mashine za hospitali, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, amekumbatia mashine ya kupima moyo.

"Papa, iko mutoto ao iko televizyo?"

Aligeuka. Mwanamke wa kitenge chekundu kama pilipili, na viatu virefu ambavyo matope ya Bwera yaliogopa kuvigusa. Alliance, mchuuzi kutoka Butembo. Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye plasta iliyobandikwa pembeni mwa kioo. Aliijua plasta ile. Ndiyo mashine iliyolia kando ya kitanda mama yake alipokata roho, hapahapa Bwera.

"Ni mashine, dada. Kliniki imenunua mpya. Hii naitengeneza Kinyamaseke, halafu inapewa masista wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni."

"Basi mie njo nitaibebea bamasista," alisema haraka. "Na bibi yako anakuachia ukumbatie mashine barabarani?"

"Sina mke."

"Ah! Njo maana."

Mashine ya aina ile hutunza ndani majina ya wagonjwa na mapigo yao. Alliance alitaka kitu kimoja tu: kuyaona tena mapigo ya mama yake. Hakumwambia mtu. Wangesema anafuga mzimu.

Basi akawa mgeni wa karakana ya Kinyamaseke. Kila alipovuka mpaka alileta chikwangue, mkate wa muhogo uliofungwa majanini, akakaa kwenye kiti kibovu, akamtazama Kambale akipangusa waya kwa spiriti.

"Ile betri unaifichia kwa mchanga, iko dhahabu?"

"Imevimba. Ukiichoma inalipuka, ukiitupa inaua udongo. Itaenda Kampala kwa wanaojua kuizika."

"Weye unazika hata betri! Na mimi, cheri, utanizika wapi?"

"Wewe? Kwanza nikuoe."

Alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Akirudi kwake Butembo, chumba kilikuwa kimya, na simu ya Kambale ndiyo sauti pekee iliyoingia humo. Naye Kambale alizungukwa na mashine za kupima moyo wa kila mtu, lakini jioni hapakuwa na wa kumuuliza amekula nini.

Siku moja alipiga akiwa na furaha. "Kipenzi, nimemaliza! Nimefuta kila kitu, iko safi kama imetoka kiwandani."

"Umefuta nini?"

"Majina, mapigo, yote. Siri ya mgonjwa haisafiri na mashine."





"Mama yangu alikuwa mule, Kambale."

Akamweleza, akilia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Weye ulikuwa unazika hata betri. Nilizania utajua kama mule muko mutu."

Alikuja kuchukua mashine bila kuketi. Kambale alimfungia sanduku, akamwonyesha swichi. Bodaboda ikaondoka, na vumbi likakaa pale alipokuwa. Tangu hapo Kambale alipiga simu, haikupokelewa. Nasikia upweke wake ulikuwa mkubwa hata panya wa karakana walihamia kwa jirani mwenye watoto.

Mvua za kahawa zilipokuwa zinaisha, simu ikalia. Ndani yake: tit. Tit. Tit.

"Alliance? Nani mgonjwa?"

"Hakuna mugonjwa. Niko hapa kwa bamasista. Nimeweka kidole yangu kwa mashine." Akavuta pumzi. "Mapigo ya mama, nilikuwa nataka inionyeshe kama alikufa na woga. Masera mumoja, sista wa hapa, aliniambia mapigo haisemi vile."

"Nisamehe, mpenzi."

"Ulifanya kazi yako. Sasa sikia. Nimeandika jina yangu ndani. Siku mashine itarudi kwako kutengenezwa, yangu usifute."

Kambale aliangalia kile kiti kibovu. Angeweza kudanganya, mimi ningedanganya.

"Nitafuta," alisema. "Sheria ni sheria. Ila nataka siku hiyo mwenye jina awe anakaa kwangu."

Alliance alikuwa hajaondoa kidole. Kwenye simu, zile tit-tit zikaanza kukimbizana.